Jalada Lenye Utepe Mwekundu

Mara ya kwanza Fundi aliponishika, alinishikia kwenye tundu la kupitishia kadi. Mkono ulipenya wote mpaka kwenye kiwiko, ukakamata kola ya shati langu, ukanivuta hadi paji langu likagonga kioo. Watu kwenye mabenchi waliusikia mlio, wakanyamaza kama redio iliyochomolewa waya. Alikuwa anataka vidonge vya maumivu, vile vikali, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba haandiki tena, mgongo wake umepona.

"Kijana," aliniambia, pua yake upande ule wa kioo na yangu upande huu, "mwambie huyo mama yako daktari aandike. Leo natoka hapa mikono mitupu. Siku nyingine nitakuja na kitu mkononi."

Akaniachia, akaenda zake kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti. Mimi nikabaki na nundu, na vifungo viwili vya shati vikabaki sakafuni.

Zahanati yetu ilikuwa na utaratibu wa watu kama yeye. Tuliutunga wenyewe baada ya muuguzi wetu wa zamani kuvunjwa jino. Mgonjwa akitishia au akipiga mtu, kadi yake inafungwa utepe mwekundu. Mwenye utepe anaingia wa mwisho, mlango wa daktari unaachwa wazi, na mlinzi anaketi mle ndani mpaka amalize. Aliyefunga tepe ni mimi, karani wa mapokezi, na kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyopaswa.

Sasa, kadi zetu hazikai moja moja. Zinakaa katika majalada, nyumba moja jalada moja, na juu yake linaandikwa jina la baba mwenye nyumba. Mke na watoto wamo humo ndani. Siku ile nilipaswa kutoa kadi ya Fundi na kuifunga peke yake. Lakini nundu ilikuwa inanipwita na watu walikuwa wananitazama, basi nikachukua jalada zima nikalizungushia utepe mara mbili, nikakaza fundo kwa meno. Moyoni nilikuwa namfunga yeye.

Miezi mitatu jalada lile lilikaa kwenye rafu na utepe wake. Mke wa Fundi alikuja mara tatu. Mara ya kwanza tumbo, mara ya pili kichwa, mara ya tatu alisema hapati usingizi. Kila alipokuja nililiona jalada jekundu nikamwambia asubiri, wengine watangulie. Akiingia, Mzee Kofia anamfuata na stuli yake.

Mzee Kofia ndiye mlinzi wetu. Alistaafu jeshi zamani, ila bereti haikustaafu. Si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba mdomo wake haukuwekewa kifuniko. Jioni akirudi kwake anapita mbele ya karakana ya Fundi, wanasalimiana, na mzee anatoa taarifa ya siku nzima bila kuulizwa: shemeji leo alikuja, tumbo, amepewa dawa ya kijani, pole sana. Basi yule mama alikuwa akiketi mbele ya daktari, mlango wazi, stuli ya mzee karibu na goti lake, anataja tumbo, anapewa dawa ya tumbo, anaondoka.

Mara ya nne alikuja asubuhi, saa nne hivi. Alisukuma karatasi yake ya namba kwa mkono wa kushoto. Joto lilikuwa kali, naye amevaa mikono mirefu mpaka kwenye vidole.

"Kaka, naomba kuuliza."

"Uliza, dada."

"Mimi nilimkosea nani hapa?"

"Kivipi?"

"Wenzangu wakiingia wanafungiwa mlango. Mimi naingia na askari kama nimeiba kuku."

Nilikuwa na jibu la haraka, mimi siku zote nina jibu la haraka. Lakini nililitazama jalada mkononi mwangu na utepe wake, halafu nikamtazama yeye na ile mikono mirefu. Nikachukua mkasi. Fundo lilikuwa limekauka, likakatika kwa shida. Nikatoa kadi ya mume nikaifunga peke yake, nikatoka kwenda kumwambia Mzee Kofia kwamba leo abaki getini.

"Nimekosa nini, mwanangu?"

"Hujakosa, mzee. Leo wewe kaa geti tu."

"Haya. Mimi ni pazia. Mkinitaka mnanifunga, msiponitaka mnanifungua." Akarekebisha bereti, akaenda zake amenuna.

Mlango wa daktari ukafungwa. Zikapita dakika ishirini, halafu nusu saa. Foleni ikaanza kuguna. Kisha Sista, muuguzi wetu, akaingia kwenye kijumba changu cha mapokezi kwa mlango wa nyuma, uso umemkakamaa.

"Nipe fomu ya polisi."

"Ya yule mama?"

"Nipe, na mdomo wako uufunge." Nilipokuwa natafuta kwenye droo akainama sikioni kwangu. "Mbavu mbili. Na ule mkono wa kulia ulishavunjika siku nyingi, ukaunga wenyewe, umepinda. Amekuja hapa mara tatu kutuambia, sisi tunamwekea mzee wa watu magotini."

Nikamkabidhi fomu.

"Anataka kuondoka leo," Sista akaendelea. "Ana dada yake mji mwingine. Basi linatoka saa sita. Tunatokea chumba cha sindano, mlango wa nyuma, tunampitia mtoto shuleni, tunakwenda stendi. Nakwenda naye mimi mwenyewe. Kinachotakiwa ni muda kidogo ambao yule bwana hajui kitu. Akijua mapema, atatangulia shuleni kumchukua mtoto, na mama bila mtoto hatapanda basi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

"Bwana asijue."

Akaondoka nayo. Nikaketi. Damu ilikuwa inanichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimkumbuka yule mama alivyosubiri kwenye lile benchi la mwisho mara zote tatu, mikono mapajani, na mimi nikimwita kwa sauti ya dharau kwa sababu ya jina lililoandikwa juu ya jalada.

Hazikupita dakika kumi nikasikia sauti ya Mzee Kofia getini. "Karibu, Fundi, karibu. Shemeji yumo ndani. Leo wamejifungia huko, mimi wamenitupa nje kama unavyoniona."

Fundi akaingia. Begi la zana begani, ovaroli ina matundu ya cheche. Alikuja dirishani taratibu, na alikuwa na adabu zake zote.

"Habari za kazi, kijana."

"Nzuri."

"Mke wangu anaumwa nini leo?"

"Tumbo. Kama kawaida."

"Mlango umefungwa wa nini?"

"Daktari anampima. Akimpima mwanamke anafunga."

Akalitafuna jibu hilo. Akaliona linatosha, kwa sababu alikwenda akaketi kwenye benchi, begi katikati ya miguu. Nikashusha pumzi. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika hamsini. Kama ningeshika kalamu na kuandika chochote, hata upuuzi, mambo yangekwisha hapo.

Lakini Fundi hakuweza kukaa kimya, hasa akiwa na hadhira.

"Mnamwona huyu," akamwambia aliyeketi jirani yake, mzee mmoja wa magongo aliyekuja kusafishwa kidonda cha mguu. "Mwanamume mzima anawekwa kwenye kabati la kioo kama viatu vya dukani."

Watu wawili watatu wakacheka. Mzee wa magongo hakucheka.

"Bei yake tu ndiyo haikuandikwa," Fundi akaongeza. "Siku ile nilimgusa shati kidogo, nusura alie. Kijana, ulimwita nani vile? Ulisema mama? Mimi nilisikia mama."

Wakacheka tena, safari hii wengi zaidi. Na mimi, niliyeambiwa nirudie maneno kama mtoto wa chekechea na nikayarudia, nikainua kichwa.

"Mimi angalau sijawahi kwenda kujipima nguvu kwa mwanamke," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nzuri, ilifika mpaka benchi la mwisho. "Hebu tuambie, ngumi zako zimetosha mbavu mbili tu, au zipo nyingine hatujazihesabu?"

Nilisikia utamu wa maneno hayo kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikaona uso wa Fundi.

Hakufoka. Aliinuka polepole, akatazama ule mlango uliofungwa, akanitazama mimi. "Kumbe amesema," akasema, karibu kwa upole. "Leo amesema."

Akainama akafungua begi. Nyundo aliyoitoa ni ile ya kugongea chuma, kichwa chake kama ngumi ya mtoto. Pigo la kwanza aliligeuzia kioo changu. Kioo kiliniangukia chote, kichwani, kifuani, kwenye daftari la wagonjwa. Akaingiza mkono kunitafuta, akajikata kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko, wala hakujali. Akaniacha, akaenda kwenye mlango wa daktari, akaanza kugonga kitasa.

Ukutani kwangu daktari alikuwa amebandika karatasi kwa mwandiko wake mwenyewe: usisimame kati ya mtu mwenye hasira na mlango, mwachie njia. Alikuwa ametufundisha hilo kwa vitendo, akatusimamisha mmoja mmoja kama tunajifunza kucheza. Mimi ndiye niliyekuwa nikifanya vizuri kuliko wote. Nikatoka kwenye kijumba mbio na vipande vya kioo vikinidondoka, nikajipenyeza, nikasimama kati ya Fundi na mlango.

"Toka," akasema.

"Sitoki."

Niliinua mkono kujikinga. Nyundo ilishukia katikati ya mfupa, na mlio wake haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mpini wa ufagio unaovunjwa gotini. Mkono ukakunjika mahali ambapo hapana kiungo. Pigo la pili lilinipata begani. Nikateleza kwenye mlango mpaka chini, naye akanikanyaga tumboni ili apate nafasi ya kugonga kitasa tena. Nikamshika mguu kwa mkono mzima, nikamng'ata juu ya kifundo mpaka mdomo ukajaa damu na uzi wa ovaroli. Akanipiga teke la shingo. Nikaona nyota mchana kweupe.

Hapo mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Daktari wetu ni mwanamke mfupi, miwani yake ina kamba ya shingoni, miaka yake inakaribia sitini. Alisimama kando, akaacha njia wazi kama alivyotufundisha.

"Ingia, Fundi. Ni zamu yako."

Fundi akaniruka, akaingia. Kutoka pale sakafuni niliona kila kitu. Kiti cha mgonjwa kilikuwa kitupu. Pazia la chumba cha sindano lilikuwa bado linacheza kidogo.

"Yuko wapi?"

"Keti nikuangalie mkono. Umekata mshipa."

"Nimekuuliza, mke wangu yuko wapi?"

"Unadondosha damu nyingi, Fundi. Keti."

Akapiga mzani wa kupimia watoto, ukaruka mpaka dirishani. Akapiga meza, ikapasuka katikati, dawa zikamwagika. Daktari hakurudi nyuma hata hatua moja, na nadhani ni hilo ndilo lililomtia wazimu. Aliinua nyundo akampiga. Daktari aligeuza kichwa, nyundo ikapita ikamchana sikio, miwani ikaenda. Damu ikamtiririka shingoni ikaingia kwenye koti jeupe. Fundi akainua tena.

Aliyemwahi ni mzee wa magongo. Sijui alifikaje kwa mguu ule. Aliingiza gongo katikati ya miguu ya Fundi, akalizungusha, na Fundi akaanguka chali kama gunia linaloshushwa kwenye lori. Nyundo ikateleza uvunguni mwa kitanda.

Ndipo foleni nzima ikaingia. Watu waliokuwa wakikohoa nje, mama mwenye mimba, kijana mwenye homa aliyekuja ameshikiliwa na ndugu zake, wote walipata nguvu. Walimpiga kwa viatu, kwa chupa ya maji, kwa mguu wa meza. Mtu mmoja alitoka akarudi na jiwe la kuzuilia geti. Na mimi niliinuka. Mkono ulikuwa unaning'inia kama si wangu, lakini miguu ilikuwa mizima. Nikapenya, nikatafuta mbavu zake, nikapiga. Moja, nikahesabu kwa sauti. Nikapiga tena, nikasikia kitu kimeachia. Mbili. Nilikuwa natabasamu. Nasema hivyo kwa sababu mama mwenye mimba aliniambia baadaye kwamba aliniona, na kwamba ndipo alipoogopa akaacha.

Daktari akajitupa juu yake. Alimlalia kifudifudi, koti lake na ovaroli ya yule bwana vikawa rangi moja.

"Atakayempiga tena aanze na mimi," akasema.

"Daktari, amekupasua sikio," mtu akasema.

"Sikio ni langu. Na huyu ni mgonjwa wangu. Nani ana jiwe? Weka chini. Wewe mwenye homa, ulikuja hapa huwezi kusimama, sasa unapiga watu? Rudi benchini."

Aliyekuwa na jiwe akalishusha. Mzee Kofia akaingia hapo, bereti mkononi, machozi yanamtoka, akaanza kuwatoa watu mmoja mmoja kwa kuwasukuma na kifua. Kila aliyemsukuma alikuwa akimwambia, "Ni mimi niliyemkaribisha. Ni mimi."

Polisi walipigiwa simu, wakasema wanakuja, na sote tunajua wanavyokuja. Saa ilikuwa tano na dakika tano. Fundi alianza kujiinua kwenye kiwiko. Alikuwa na uso uliovimba, lakini alikuwa na miguu. Nilimwona anahesabu kichwani. Shule haikuwa mbali.

Daktari naye alimwona. Alijifunga kitambaa kwenye sikio, akavuta stuli, akaushika ule mkono uliokatwa na kioo.

"Lala," akamwambia. "Nashona. Ukiinuka katikati, uzi unachomoka na nyama yake, na humu ndani hakuna wa kukurudishia."

Fundi alilala. Labda alichoka, labda aliogopa ile damu yake mwenyewe, watu wa ngumi wengi huogopa damu yao. Daktari akaanza kushona. Nimemwona akishona mara nyingi, ana mkono mwepesi, jeraha la namna ile humaliza kabla hujatafuta pa kutazama. Siku hiyo alishona kama anadarizi kitambaa cha harusi. Akiweka uzi mmoja anafuta, anatazama, anafikiri. Pale ambapo nyuzi nane zingetosha, alikwishapita kumi na mbili na bado alikuwa katikati.

Sista hakuwapo, kwa hiyo nilikaa sakafuni kando ya kitanda, mkono wangu umefungwa kwenye kipande cha boksi, nikimpa vitu kwa mkono mwingine. Mlangoni walisimama mzee wa magongo na Mzee Kofia.

Fundi aligeuza kichwa, akanitazama.

"Yuko wapi?"

Nilijua. Nilijua mpaka saa ya basi, kwa sababu Sista alipenda kutia maelezo. Nilijua pia maneno ambayo yangemuumiza kuliko nyuzi zote zile, nilikuwa nimeshayapanga, yalikuwa mazuri, yalinikaa kwenye ncha ya ulimi: ameondoka, hataziona tena ngumi zako, mtoto pia humpati. Ningeyasema akiwa amelala hivyo, mkono wake umeshikwa, hawezi kunifanya kitu.

"Sijui," nikasema.

"Unajua. Wewe ndiye uliyetaja mbavu."

"Sijui alipo."

Akabadilisha sauti. "Mdogo wangu, nisikilize. Sisi wanaume. Nimekuvunja mkono, nimekosa, nitakuomba radhi mbele ya watu. Niambie tu amekwenda upande gani. Nataka niongee naye. Nimemwoa mimi, si hawa."

"Sijui."

Daktari akaweka uzi mwingine. Hakunitazama, lakini mikono yake ilisimama kidogo kila Fundi alipouliza, ikaendelea kila nilipojibu.

"Ona," Fundi akasema, akijaribu kucheka kwa mdomo uliopasuka. "Ulikuwa na maneno mengi nyuma ya kioo. Kioo kimevunjika, maneno yamekwisha. Hata kunitazama unaniogopa."

Mzee wa magongo alinitazama kutoka mlangoni. Mzee Kofia naye alinitazama. Uso wangu ulikuwa wa moto.

"Ndiyo," nikasema. "Nakuogopa."

Fundi alingoja niendelee. Sikuendelea. Akaulaza tena uso wake kwenye mto wa mpira na kufumba macho, na nje mtu akaanza kufagia vioo.

"Uzi," daktari akasema.

Nikampa.